.deb ya Python 3.13 kwa Debian 12: dh_usrlocal inagoma

KiborloniTech (Moshi)

Habari wakuu. Maabara hapa Moshi mashine zote ni Debian 12, Python yake 3.11, na kozi inataka 3.13. Kuhamia Debian 13 kungemaliza kazi maana 3.13 imo tayari, ila baadhi ya mashine ni za biti 32, na Debian 13 haitoi tena kisakinishi wala kerneli ya i386. Nataka .deb (vifurushi vya Debian) mbili, amd64 (biti 64) na i386 (biti 32), zisakinishwe kwa apt kutoka seva ya ndani.

Natumia debhelper 13 (zana za kutengeneza .deb) na `--prefix=/usr/local`, yaani mahali Python itakapokaa. Inakompaili hadi mwisho, kisha dh_usrlocal, hatua mojawapo ya debhelper, inakufa na `rmdir: failed to remove ... Directory not empty`. Nikiweka `/usr` kuna ubaya? Halafu hata nikiijaribu bila .deb, `import ssl` inadai hakuna `_ssl`.

NjiroRoot (Arusha)

`/usr` usiiguse kabisa. `make install` inatengeneza `bin/python3`, na faili hilo ni mali ya python3-minimal, kwa hiyo dpkg (inayosakinisha .deb) itakataa: "trying to overwrite". Ukilazimisha kwa `--force-overwrite`, zana za mfumo zinaanza kufa moja moja. Angalia `/usr/lib/python3/dist-packages`: apt_pkg imeandikwa `cpython-311`, 3.13 haiwezi kuipakia. Isitoshe, Python uliyoikompaili mwenyewe haitazami dist-packages hata kidogo, hiyo ni nyongeza ya Debian.

`/usr/local` nayo ni ya msimamizi wa mashine, sera ya Debian hairuhusu kifurushi kuweka faili humo. dh_usrlocal inategemea kukuta folda tupu, ndiyo maana imegoma. Weka `/opt`. debian/rules, faili la maelekezo ya kujenga kifurushi, iwe hivi:

```
#!/usr/bin/make -f
%:
	dh $@ --without autoreconf

override_dh_auto_configure:
	dh_auto_configure -- --prefix=/opt/python3.13 \
	  --libdir=/opt/python3.13/lib --disable-test-modules

override_dh_auto_test:
	./python -c "import ssl, ctypes, sqlite3, lzma, bz2, readline"
```

Mwanzo wa mistari ya ndani ni tab, si nafasi, la sivyo utaambiwa "missing separator". `--libdir` usiiache: dh huweka ya kwake yenye jina kama x86_64-linux-gnu, na moduli za C zinaweza kutengana na maktaba nyingine.

Hiyo `_ssl` ni kukosa libssl-dev wakati wa kujenga. Ubaya wa Python ni kwamba haisimami ikikosa kitu. Mwisho wa make inakuandikia "The necessary bits to build these optional modules were not found" na kuendelea zake. Kwenye Build-Depends (orodha ya vinavyohitajika kujenga, ndani ya debian/control) weka:

```
debhelper-compat (= 13), pkg-config, libssl-dev, libffi-dev,
libsqlite3-dev, zlib1g-dev, libbz2-dev, liblzma-dev,
libreadline-dev, uuid-dev
```

Ongeza tk-dev kama wanafunzi wanatumia IDLE. Ule mstari wa `./python -c` utaiangusha kazi hapo hapo moduli ikikosekana, badala ya mwanafunzi kuja kuigundua darasani.

UsaRiverDeb

Kwa i386 huhitaji mashine ya biti 32. Tengeneza chroot (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya folda) kwa `sbuild-createchroot --arch=i386 bookworm`, bookworm ikiwa ni Debian 12, ukitaja folda na kioo (mirror) cha Debian, kisha ujenge humo kwa sbuild, zana ya kujenga vifurushi. Ukiingia kwenye chroot kwa mkono, tangulia na `linux32`. Bila hiyo `uname -m` inajibu x86_64 na baadhi ya skripti zinapotea njia. sbuild inataka .dsc (faili la maelezo ya chanzo), kwa hiyo tarball ya chanzo cha Python iitwe kwa jina la kifurushi chako na toleo: `maabara-python3.13_3.13.5.orig.tar.xz`.

`--enable-optimizations` iache kwa sasa. Inakompaili, inaendesha majaribio, inakompaili tena. Umeme ukikatika katikati unaanza upya, na faida yake kwa mazoezi ya darasani ni ndogo.

KiborloniTech

Asanteni, imepita pande zote mbili na ssl ipo. Nikiweka kiungo `/usr/bin/python3.13` ili wasiandike njia ndefu?

NjiroRoot (Arusha)

Jina hilo ni la python3.13-minimal ya Debian 13, siku ukipandisha zile za biti 64 zitagongana. Kiite `py313` ndani ya `debian/maabara-python3.13.links`:

```
opt/python3.13/bin/python3.13 usr/bin/py313
```

Wanafunzi waanze na `py313 -m venv mradi` (mazingira ya Python ya mradi wao), wasisakinishe chochote ndani ya /opt.

Kwa seva, reprepro (inayotengeneza hifadhi ya apt) inatosha: `Architectures: amd64 i386` kwenye conf/distributions, `SignWith` ya ufunguo wako, kisha `reprepro includedeb bookworm` na jina la faili. Ufunguo wa umma uende `/etc/apt/keyrings` ya kila mashine na utajwe kwa `signed-by`. Na kila ukijenga upya, panda namba kwenye changelog, `3.13.5-0maabara1` iwe `maabara2`. Ukirudia namba ile ile, reprepro itakataa faili kwa sababu jina ni moja na checksum ni tofauti.