Runinga ya mama imekata roho: inchi 32 ya jina, 43 ya jina geni, au mtumba wa Uingereza?

MwanaUmoja
Wadau, habari za jioni. Runinga ya mama imekata roho. Ni ile ya zamani ya inchi 21, yenye mgongo mkubwa kama mtungi, na tangu mitambo ya analogi izimwe mwaka 2015 imekuwa ikiishi kwa king'amuzi kilichowekwa juu yake. Wiki jana picha ilijikunja ikabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, sauti ikiendelea kama kawaida. Mama alisikiliza taarifa ya saa moja kama redio siku tatu kabla ya kunipigia simu.

Nina elfu thelathini, na hapo ndipo mwisho, sikopi. Jumamosi nimeshinda Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, nikarudi na kichwa kinauma. Nimebaki na njia tatu. Inchi 32 smati ya kampuni inayojulikana, nimeambiwa elfu 19. Inchi 43 ya jina ambalo sijawahi kulisikia popote, elfu 25, muuzaji anaapa kwa mama yake kwamba ni 4K, ile picha ya nukta nyingi. Halafu kuna inchi 40 iliyotumika, inasemekana imetoka Uingereza, elfu 16, waranti ni ya mdomo tu.

Sebule ni ndogo, futi kumi kwa kumi na mbili. Mama anatazama taarifa, ibada ya Jumapili na vipindi vya Kiswahili. Waifai hakuna. Mngekuwa nyinyi?

Kaka_Donholm
43 bila kufikiria. Mama macho hayamruhusu tena kusoma maandishi madogo yanayopita chini ya taarifa, sasa wewe umpelekee kioo cha simu? Ukinunua 32 leo, Desemba utakuwa Luthuli tena.

FundiKioo
Kaka, taratibu. Mimi runinga ni kazi yangu ya kila siku, ngoja niwaambie ninachokiona mezani.

Nyingi zinazoletwa zina sauti ila hazina picha. Ukiwasha tochi ya simu ukaimulika karibu na kioo, unaona watu wanatembea humo gizani kama vivuli. Kioo ni kizima, bodi ni nzima, zilizokufa ni taa za nyuma. Ukifungua unakuta vijiti vyembamba vya alumini, kila kijiti kina LED kadhaa, kila LED imefunikwa na kikombe cha plastiki kinachopitisha mwanga, ukubwa wa kifungo cha shati. Zimeunganishwa kwa mfululizo, moja ikiungua inazima na wenzake.

Na kwa nini ziungue? Runinga ya bei ya chini hupewa taa chache, kisha zinasukumwa umeme mwingi ili dukani ing'ae kuliko jirani yake. Mteja anaipeleka nyumbani ikiwa hivyo hivyo, mwangaza 100, anaitazama mwaka mzima. Kwa hiyo hata ukinunua ipi, siku ya kwanza ingia kwenye mipangilio ya picha, toka kwenye hali ya dukani, shusha mwangaza wa taa hadi kama nusu. Sebule ya futi kumi haihitaji jua.

Taa zikiungua zinabadilishwa, mradi vijiti vya modeli yako vinapatikana. Hapo ndipo jina linapoingia. Ya kampuni inayojulikana nitapata vijiti mtaa wa pili. Ya jina geni nitapima kwa rula, nitatafuta vinavyofanana, nitakata na kuunga. Kioo chenyewe kikipasuka, nunua nyingine tu, bei yake inakaribia ya runinga mpya.

Kaka_Donholm
Fundi anatafuta wateja hapa 😂

FundiKioo
Ningekuwa natafuta wateja ningekuambia ununue 43 ya elfu 25.

Mama_Pendo
Samahani nawakatiza. MwanaUmoja, umepima kabati?

Nauliza kwa sababu yalinikuta. Makabati yetu ya sebuleni yalichongwa enzi za runinga za mgongo, yana tundu la mraba katikati na rafu za vikombe kushoto na kulia. Inchi zinapimwa kwa mshazari, kona hadi kona. Runinga ya 32 ina upana wa sentimita kama 72, ya 43 inakaribia 96. Mimi nilifika nyumbani na boksi, ikagoma kuingia, ikalala juu ya meza ya kulia chakula wiki mbili. Na miguu pia itazame, zile kubwa miguu iko pembeni kabisa huku na huku, meza ndogo haiitoshi hata kama runinga yenyewe ni nyepesi.

MwanaUmoja
Mama Pendo umeniokoa. Nimempigia mama akapima kwa utepe wa cherehani. Tundu ni sentimita 64. Kwa hiyo hata 32 haiingii!

Kaka_Donholm
Itundike ukutani basi. Bei ya kishikio si kitu.

MwanaUmoja
Nyumba ni ya kupanga. Mwenye nyumba akisikia drili anapandisha ngazi mwenyewe.

Mtumba_Safi
Mbona mtumba mmeuruka? Mimi natazama inchi 40 ya kutoka Uingereza huu mwaka wa nne na haijaniuliza kitu. Stima yao na yetu ni ile ile, 240 hivi, hata plagi yao ya pini tatu ndiyo yetu. Sharti ni moja: kuwa na DVB-T2 ndani, kwa maana ndiyo dijitali tunayorushiwa hapa. Uingereza runinga nyingi za zamani zilitoka na T ya kwanza tu, hizo hazitashika kituo hata kimoja bila king'amuzi. Ya kutoka Marekani ndiyo usiiguse kabisa, mfumo wao ni mwingine na nyingine zinataka volti 110.

Ukienda kuiona beba flashi yako yenye picha nyeupe tupu, nyekundu tupu na nyeusi tupu. Nyeupe inaonyesha madoa na kona zilizochoka, nyeusi inaonyesha mwanga unaovuja. Iache iwake nusu saa. Muuzaji akianza kukuambia ana haraka, na wewe kuwa na haraka zaidi.

Kijana_wa_Roysambu
Kuhusu hiyo 4K. Nukta za 4K ni 3840 kwa 2160, Full HD ni 1920 kwa 1080, na 32 nyingi ni 1366 kwa 768. Boksi likiandikwa "inasoma 4K" maana yake inaweza kupokea faili la 4K kisha ikalishusha lienee kwenye kioo chake. Si kitu kimoja. Na hata ingekuwa 4K ya kweli, vituo vyetu vya bure havirushi 4K, kwa hiyo mama angekuwa amelipia nukta zisizo na kazi.

Smati nayo, bila waifai ni pambo. Filamu ya intaneti ya kiwango cha HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, hiyo bando ya mama itaisha kabla ya matangazo. Ila ukija kuweka waifai baadaye, angalia mfumo. Hisense nyingi zina VIDAA, LG ina webOS, Samsung ina Tizen, TCL nyingi zina Google TV. Hizo za majina mageni mara nyingi hubeba Android ya simu iliyopakwa rangi, haijaidhinishwa, Netflix inagoma au inatoa picha hafifu.

Tokeni_Zimeisha
Na stima je? Mama ndiye anayenunua tokeni. Geuza runinga, nyuma kuna karatasi yenye wati. Tuseme 32 inakula wati 45 na 43 inakula 90. Kwa saa sita kwa siku, ya kwanza ni yuniti 8 kwa mwezi, ya pili 16. Ile ya mgongo nayo haikuwa malaika, ya inchi 21 huwa kwenye 75 hivi.

Na tafadhali msimnunulie runinga bila kilinda-stima. Umeme wa mitaa yetu ukikatika si tatizo, tatizo ni ule wa kurudi.

Mama_Pendo
Nyongeza ndogo. Kama mama ana deki ya zamani ya kanda zake za kwaya, hakikisha kuna tundu la waya za manjano, nyekundu na nyeupe. Siku hizi wanaweka tundu dogo kama la spika za masikioni, na ka-waya ka kuunganisha huwa kako kwenye boksi. Yangu hakakuwemo, muuzaji aliniambia nimekapoteza mimi.

MwanaUmoja
Wadau, nimerudi na majibu. Leo nilikwenda na flashi mfukoni na mdogo wangu kama shahidi.

Kwanza 43. Nikaomba tuchomeke antena tutafute vituo. Kijana wa duka akatafuta dakika kumi, ikatoa chengachenga. Kwenye menyu hakuna T2, kuna analogi na hiyo T ya zamani. Nikamwuliza kama ni 4K, akanionyesha stika. Nikamwuliza nikipata shida naipeleka wapi, akajipiga kifua: "Ni mimi." Nikashukuru, nikatoka.

Ile ya Uingereza ilikuwa nzuri, Mtumba_Safi hukukosea, T2 ilikuwepo. Lakini kwenye picha nyeupe kona ya chini kushoto ilikuwa na doa la manjano la ukubwa wa sahani. Muuzaji alishuka hadi elfu 13. Nilisita, nakiri.

Nimechukua 32. Elfu 18 na mia tano baada ya kubishana, T2 imo, risiti ina namba ya runinga, stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipo, waranti ya mwaka. Antena na kilinda-stima vimekula elfu 3. Elfu 2 nyingine imekwenda kwa seremala, ameng'oa ubao mmoja wa katikati na rafu ya vikombe upande wa kulia. Vikombe vya harusi viko kitandani kwangu kwa sasa. Chenji imerudi mfukoni.

Kaka_Donholm
32. Haya. Mama ataisoma ile mistari ya chini kweli?

MwanaUmoja
Tumesogeza kiti chake hadi kama mita moja na nusu. Anasoma, na anasoma kwa sauti. Shida ni moja tu. Runinga ya zamani ilikuwa na kitambaa chake cha kushona kwa mkono juu, na chombo cha maua ya plastiki. Hii mpya haina juu. Chombo kimekosa pa kukaa, lakini kitambaa amekitandaza hivyo hivyo, kinaning'inia mbele ya kioo, na jana msomaji wa taarifa ya saa moja alikuwa na kilemba cheupe chenye maua ya pembeni mwanzo hadi mwisho.

FundiKioo
Mwache nacho. Kisiteremke nyuma tu, matundu ya kutolea joto yako huko. Na mwangaza umeshusha?

MwanaUmoja
Kesho.