Vidonge vimeongezwa mara tatu na sukari haishuki: je, aina ya kisukari changu ilikosewa?

BintiPangani (Tanga) anauliza:

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa mawazo kwa wenye uzoefu au utaalamu wa jambo hili. Mimi ni mwanamke wa miaka 43. Mwaka juzi nilianza kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, nikawa na kiu isiyokatika na macho yakaona ukungu. Nilipopimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ilikuwa 13.8. Kwa kuwa nimevuka miaka 40 niliambiwa palepale kwamba ni kisukari aina ya pili, nikaandikiwa metformini. Miezi saba ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Baadaye sukari ikaanza kupanda tena. Nikaongezewa glibenklamidi, kisha dozi yake ikapandishwa, na sasa niko kwenye dozi ya juu kabisa.

Kila nikienda kliniki swali ni lile lile: je, nakula ugali mwingi, je, nakunywa chai ya sukari? Nimeacha vyote. Jana asubuhi nilipima 15.1, na saa mbili baada ya kula mayai na mchicha ikawa 17.6, yote nimeyaandika kwenye daftari. Tena sijawahi kuwa mnene. Nilikuwa na kilo 58, leo nina 49. Gauni nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu fundi amelipunguza mara mbili, na bado linaning'inia mabegani kana kwamba limeanikwa kwenye kamba.

Nimesoma mahali kwamba kuna kisukari cha watu wazima ambacho kinga ya mwili yenyewe huishambulia kongosho polepole, na kwamba wengi huambiwa wana aina ya pili. Mama yangu alitibiwa maradhi ya tezi ya shingoni, na mimi nina mbalanga mikononi tangu nikiwa na miaka 30. Je, haya yana uhusiano? Nipime kipimo gani, na nimwombeje daktari bila kuonekana ninamfundisha kazi?

Mwalimu wa Likoni (Mombasa) anajibu:

Dada yangu, pole sana. Kabla sijaeleza lolote, nakusihi upime ketoni, yaani tindikali ambayo mwili huitoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, kwenye mkojo leo, usisubiri kesho. Kipimo hicho ni kijiti kinachobadilika rangi na hupatikana katika zahanati nyingi. Ukianza kutapika, kuumwa tumbo, au kuhema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, hapo si suala la kliniki ya wiki ijayo; nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Niligunduliwa nikiwa na miaka 51, nikaambiwa aina ya pili, na kwa karibu miaka miwili nililaumiwa kwa chakula ambacho sikukila. Mke wangu alikuwa akinipimia wali kwa kikombe cha kahawa. Mwisho nilibebwa usiku nikiwa sijitambui, pumzi ikinuka kama embe lililoiva kupita kiasi. Daktari kijana wa zamu aliwauliza jamaa zangu swali moja ambalo sikuwahi kuulizwa kabla ya hapo: huyu mzee amekonda tangu lini? Kutokana na swali hilo nilipimwa kingamwili, na ikajulikana kuwa nina LADA, yaani kisukari kile ulichokisoma.

Kuhusu kumwomba daktari, mimi ningekushauri uende na daftari lako na uandike mstari mmoja juu yake: nimepungua kilo tisa, vidonge vimefika kikomo, nina mbalanga, na mama ana maradhi ya tezi. Kisha useme kwa adabu, "Daktari, naomba tuhakikishe aina ya kisukari changu." Kuomba kuhakikishiwa hakumvunjii mtu heshima.

Fundi wa Maabara (Nairobi) anajibu:

Mwalimu amesema kweli kuhusu ketoni. Nami nieleze vipimo, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha kwa kupima kisichojibu swali.

Kipimo cha sukari ya wastani wa miezi 3 kinaonyesha ukubwa wa tatizo tu, hakionyeshi aina. Zaidi ya hayo, mwenye upungufu wa damu au vinasaba vya selimundu anaweza kupata jibu lisilo sahihi, na huku kwetu watu hao si wachache. Kinachotofautisha aina ni vipimo viwili. Cha kwanza ni kingamwili za GAD. GAD ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za kongosho zinazotengeneza insulini; kinga ya mwili inapozigeukia seli hizo, huacha alama kwenye damu, na alama hiyo ndiyo tunayoipima. Cha pili ni kile kiitwacho si-peptidi (C-peptide). Kongosho inapotengeneza insulini hukata kipande kirefu kikawa viwili, kimoja ni insulini na kingine ni si-peptidi, kwa idadi sawa. Kwa kuwa insulini ya sindano haina si-peptidi, kipimo hiki hutuambia mwili wenyewe bado unatengeneza kiasi gani, hata kwa mtu aliyeanza kuchomwa sindano.

Kwa wenye LADA, mapendekezo ya jopo la wataalamu wa kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2020 yanasema kwamba si-peptidi ikiwa chini ya 0.3 nmol/L mgonjwa anahitaji insulini. Ikiwa kati ya 0.3 na 0.7 yuko katikati na afuatiliwe kwa karibu, ikizidi 0.7 anaweza kutibiwa kama aina ya pili huku kipimo kikirudiwa. Omba sukari ipimwe kutoka kwenye damu ile ile, kwa sababu jibu la si-peptidi bila sukari ya wakati huo ni nusu ya habari. Mjulishe daktari pia kama figo zina shida, maana figo dhaifu hukifanya kiwango kionekane kikubwa kuliko kilivyo.

Je, jambo hili ni la nadra? Katika utafiti mkubwa wa Uingereza wa wagonjwa wapya walioandikwa kuwa na aina ya pili, takriban mmoja kati ya kumi alikutwa na kingamwili za GAD, na kati ya waliokuwa chini ya miaka 35 walifika theluthi moja. Wengi wao walikuwa Wazungu, kwa hiyo siwezi kuzihamishia takwimu hizo Tanga. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba umri peke yake haupaswi kuamua.

Na ndiyo, mbalanga na maradhi ya tezi vina uhusiano. Kinga inayokosea shabaha mahali pamoja mara nyingi hukosea na pengine, kwa hiyo omba na tezi yako ipimwe.

Tabibu wa Dodoma anajibu:

Nakubaliana na mwenzangu wa maabara, lakini nina tahadhari ambazo zisipotajwa mtu anaweza kuumia.

Kingamwili za GAD hazipimwi kila mahali. Mara nyingi sampuli husafirishwa, jibu huchukua wiki kadhaa, na gharama si ya kila mtu. Mgonjwa anayekonda, mwenye sukari ya 15 juu ya dozi kamili ya vidonge, hapaswi kusubiri karatasi ya maabara ndipo aanze insulini. Aanze kwanza, jina la ugonjwa litafuata. Wala asiache vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe kwa kuwa amesoma hapa. Ni kweli kwamba dawa za kundi la glibenklamidi hazipendekezwi kwa LADA, lakini kuziacha bila kuwekewa insulini ni hatari zaidi. Vilevile, mtu asikubali kuongezewa zile dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo kabla aina ya kisukari chake haijajulikana, kwa maana kwa mwenye upungufu wa insulini zinaweza kuleta sumu ya ketoni hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Pia kipimo kikirudi hasi kisichukuliwe kuwa neno la mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliohusisha Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba takriban asilimia 65 ya vijana waliokuwa wakitibiwa kama wenye aina ya kwanza hawakuwa na kingamwili zinazojulikana, ingawa walihitaji insulini. Hao walikuwa vijana, si watu wa miaka 43, lakini kwangu mimi somo ni kwamba huku kwetu mwili wa mgonjwa usomwe pamoja na karatasi.

Nawaomba pia msiwahukumu sana watoa huduma. Wengi wanaoanza kisukari baada ya miaka 40 kweli wana aina ya pili, na asubuhi ya kliniki foleni ni ndefu. Hata hivyo, kumuuliza aliyepungua kilo tisa kuhusu chai ya sukari ni kosa, na nimelifanya mwenyewe.

BintiPangani anarudi, baada ya wiki tano:

Mwalimu, shikamoo, na wote mlionijibu, ahsanteni. Siku ile ile nilipima ketoni zikawa mbili chanya. Nilienda hospitali nikalazwa siku tatu, nikaanzishiwa insulini, na glibenklamidi ikasimamishwa. Majibu yamefika juzi: kingamwili za GAD ziko juu sana, si-peptidi ni 0.21 na sukari wakati huo ilikuwa 11.4. Tezi nayo imeanza kulegea, nimeandikiwa dawa. Daktari aliisoma karatasi mara mbili, akachukua kadi yangu, akakata "aina ya pili" kwa mstari mmoja na kuandika juu yake LADA.

Leo asubuhi nimepima 7.2. Nimerudisha kilo mbili.

Sasa nina swali jingine dogo. Kwangu hakuna jokofu, na chumba kina joto. Muuguzi amenielekeza niweke chupa ya insulini kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, ndani ya chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni. Nimekiweka kivulini karibu na mlango ambako upepo unapita. Je, kuna anayetumia njia hii ambaye amewahi kuweka kipimajoto ndani akajua mchana kinafika ngapi?

Mwalimu wa Likoni anajibu:

Marahaba, binti yangu, na Mungu azidi kukupa nafuu. Mimi ninacho cha namna hiyo tangu mwaka wa kwanza. Mwezi wa Februari, jua likiwa kali, ndani husoma 25 au 26 wakati chumbani ni 32. Mchanga ukikauka hupanda haraka, kwa hiyo mchana nao mwagia mara moja.