Mjadala: Je, raia anaweza kulazimishwa kuwa huru? Tumsome Rousseau upya

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Inaniuma kuona Jean-Jacques Rousseau, mwanafalsafa wa karne ya 18, akihukumiwa kwa sentensi mbili. Wanaompenda hukariri ile inayofungua Mkataba wa Kijamii wa 1762, kwamba binadamu huzaliwa huru na kila mahali yumo minyororoni. Wanaomchukia hurukia sura ya saba, anaposema atakayekataa kuitii nia ya umma, yaani kile ambacho umma kwa pamoja unakitaka kwa manufaa ya wote, atalazimishwa kuwa huru. Basi, kesi imekwisha: huyu ndiye babu wa madikteta.

Soma maneno yanayotangulia pale. Anayesemwa ni mtu anayetaka kufaidi haki za raia huku akikwepa wajibu wa raia. Tuseme kijiji kimekubaliana wote wachimbe mfereji, na mmoja anayataka maji tu. Kumshikisha jembe si kumtia utumwani. Mkimwachia, ninyi ndio mmegeuka vibarua wake.

Kilichomtisha Rousseau maisha yake yote ni mtu kuishi kwa hisani ya mtu. Alikuwa mtoto wa fundi saa wa Geneva, mama alifariki siku chache baada ya kumzaa, na ujanani alitumikia nyumba za wakubwa kule Turin. Mwaka 1755, alipoandika juu ya ukosefu wa usawa, alisema matatizo yalianza na yule wa kwanza aliyezungushia ardhi uzio, akasema "hii yangu", na akapata watu wa kumwamini. Kwake, sheria inayowabana wote sawasawa ndiyo inayomtoa mnyonge mikononi mwa tajiri. Anataka asiwepo raia tajiri kiasi cha kumnunua mwenzake, wala maskini kiasi cha kulazimika kujiuza. Dikteta gani anaanzia hapo?

Karibuni, tubishane kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umechagua mfano mwepesi. Mfereji unaonekana, na maji kila mtu anayaona yakifika shambani. Nia ya umma nani ameiona? Rousseau mwenyewe anasema si sawa na jumla ya nia za watu mmoja mmoja. Tena anasema nikipiga kura nikashindwa, maana yake nilikuwa nimekosea kuhusu nia ya umma. Mimi nikishindwa kwenye kura nakubali matokeo, lakini sikubali kuambiwa kwamba hata moyoni nilikuwa nimepotoka.

Mwaka 1793 na 1794 Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa aliyemhusudu Rousseau, alisimama Paris akinena kwa jina la umma, na vichwa vikakatwa. Halafu kuna ile sura ya dini ya raia, yaani imani ambayo dola inamtaka kila raia aikiri: aliyekiri imani hiyo hadharani kisha akaishi kama asiyeiamini, adhabu yake kifo. Hilo nalo tuliite mfereji?

Mleta mada

Sura ya dini siitetei. Ni doa, na ni doa baya zaidi kwa mtu ambaye Geneva ilikichoma kitabu chake mwaka uleule kilipotoka.

Ya Robespierre nayakataa. Rousseau alifariki 1778. Na Bunge lililomwangusha Robespierre Julai 1794 ndilo lililozika upya mabaki ya Rousseau kwa heshima katika Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa mashujaa wa Ufaransa, mwezi Oktoba. Kila upande ulimdai. Isitoshe, ni Rousseau huyu aliyesema Waingereza wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, baada ya hapo ni watumwa, kwa sababu hakuna awezaye kutaka kwa niaba ya umma. Kamati ya watu wachache inayojiita umma ndicho kitu alichokikataa.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, naomba niulete mjadala nyumbani Tanzania, maana huku tumeyaishi. Rousseau hakupenda makundi ndani ya dola. Aliona kila kundi linavuta kwake na nia ya umma inapotea. Hoja ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963 ilikaribia hapo: chama kikiwa cha taifa zima, vyama vingine vya nini? Mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria.

Kisha ikaja Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi. Asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 walitaka vingi. Tume ikapendekeza vingi, na 1992 ikawa hivyo. Mleta mada, sisi tulilazimishwa kuwa huru?

Mleta mada

Hapa umenishika pazuri. Kwanza niseme, Rousseau aliacha mlango: makundi yakishakuwepo, bora yawe mengi na yasizidiane nguvu. Hilo wengi hulisahau. Lakini upendeleo wake ulikuwa yasiwepo, na hapa ndipo naliona kosa lake kubwa, si kwenye neno "kulazimishwa". Mtu mmoja mmoja, bila kundi, hana pa kupazia sauti. Nia ya umma itajulikanaje iwapo wanaopingana hawaruhusiwi hata kukaa pamoja na kupanga hoja zao?

Kuhusu 1992: kwa kipimo chake, sheria ambayo umma wenyewe haukuipitisha si sheria. Tume ilipendekeza, chama kilichokuwa madarakani kikaridhia, Bunge likapitisha, na hatukurudishiwa swali kwa kura ya maoni. Kwa hiyo ningemfuata Rousseau neno kwa neno, ningelazimika kusema mabadiliko yale ni batili. Siwezi kusema hivyo. Asilimia 20 walikuwa na haki ya kuwa na chama chao hata kama wangekuwa asilimia mbili, na sijaona ukurasa ndani ya Mkataba wa Kijamii unaowapa haki hiyo. Mwenye kuuona aulete.