Riwaya yangu imegoma sura ya saba. Nimekwama tu, au sina kipaji?

Msimulizi wa Alfajiri (aliyeuliza)

Wadau, habari za saa hizi. Naombeni ushauri, na mnivumilie nikijieleza kwa urefu, maana ule wa "pumzika kwanza, utarudi na nguvu" nimeshaufuata na haujanifikisha popote.

Naandika riwaya. Sura sita za mwanzo zilitoka ndani ya miezi mitano, naandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Sura ya saba sasa ina wiki 11. Mhusika wangu, binti wa miaka 30, amerudi nyumbani baada ya mazishi ya baba yake na anatakiwa aingie chumbani kwa marehemu kupanga vitu. Amefika mlangoni. Ameshika kitasa. Basi. Nimeshamwandika akishika kitasa hicho si chini ya mara 20: kitasa cha baridi, kitasa kilicholegea, kitasa chenye tone la rangi lililokaukia pale tangu mlango ulipopakwa. Naandika sentensi tatu, nazisoma, nazifuta. Leo nimefuta mpaka neno "mlango".

Kinachonielemea zaidi ni hiki. Mwaka jana nilipeleka hadithi fupi kwenye shindano. Haikupita, na mmoja wa waamuzi aliandika pembeni mwa mswada: "Lugha safi, lakini mwandishi anaogopa." Maneno matano tu. Tangu siku hiyo kila nikikaa kuandika ni kama yupo nyuma ya kiti changu anasoma.

Mtu anajuaje kama amekwama tu, au hakuumbiwa kazi hii?

Kalamu ya Risasi

Pole sana, mwenzangu. Nianze na hilo la kipaji, maana ndilo linalokutesa. Mwaka 1938 John Steinbeck, mwandishi wa Marekani, alikuwa anaandika riwaya iliyokuja kumpatia Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi huko kwao, mwaka 1940. Pembeni alikuwa na shajara ya kazi, na humo alijishuku mara kwa mara, akiona kazi imemzidi uwezo. Siku hiyohiyo akimaliza kuyaandika hayo, anarudi kwenye riwaya. Alianza mwishoni mwa Mei, kufika mwisho wa Oktoba alikuwa amemaliza. Kwa hiyo kujishuku hakukupi habari yoyote kuhusu kipaji chako. Kunakuonyesha tu kwamba kazi hii unaijali.

Naye mwandishi Franz Kafka alimwachia rafiki yake Max Brod maagizo kwamba maandishi yake yachomwe yote. Alifariki mwaka 1924, Brod hakuyachoma, tunayasoma mpaka leo. Mwandishi si hakimu mzuri wa kazi yake, hasa akiwa amechoka.

Daftari Jipya

Mimi nina mawili tu. Weka saa ya dakika kumi, andika bila kunyanyua mkono, bila kusahihisha, hata kama unaandika "sijui niandike nini". Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliisambaza sana njia hii miaka ya 1970. La pili ni la Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya: usiandike mpaka uishiwe. Simama pale ambapo bado unajua kinachofuata, ili kesho uwe na pa kuanzia.

Msoma kwa Sauti

Dada (kama nimekosea unisamehe), ushauri wa wenzangu ni mzuri, ila nadhani tatizo haliko kwenye sura ya saba.

Niliwahi kuandika mchezo wa redio ukanigomea miezi minne. Mama alikuwa na barua mkononi, anatakiwa aifungue aisome. Nikaandika machozi, nikaandika kimya, nikaandika mvua. Hakuna kilichokaa. Siku moja nikaamua kuusoma mchezo wote kwa sauti tangu mwanzo, na kosa nikalikuta maonyesho mawili nyuma: nilishamfanya jirani amdokeze yaliyomo. Mama hakuwa na sababu ya kufungua barua ile. Kila sentensi niliyomwandikia ilikuwa uongo, na mkono wangu ulijua kabla yangu.

Binti yako hashindwi kufungua mlango. Hana anachokitaka mle ndani. "Kupanga vitu" ni kazi ya nyumbani, haiwezi kumwingiza mtu katika chumba cha baba yake aliyefariki.

Chapa sura zote sita kwenye karatasi. Zisome kwa sauti, kweli kwa sauti, si kunong'ona. Palipo na sentensi ambayo ulimi unaipita mbio, weka alama ya penseli. Hapo ndipo ulipokwepa jambo. Na tafadhali acha kufuta. Andika kwa mkono, neno usilolitaka lipige mstari mmoja tu libaki linasomeka. Hizo sentensi 20 za kitasa zingekuwepo, mojawapo ingekwambia kitu. Lile tone la rangi, kwa mfano. Nani aliupaka mlango?

Na yule mwamuzi umemwelewa vibaya, kwa maoni yangu. Hakusema huwezi. Amekuonyesha pa kutazama.

Msimulizi wa Alfajiri

Nimerudi baada ya siku tisa. Asanteni wote. Ni dada, hukukosea.

Nilisoma kwa sauti usiku wa Jumamosi, wengine wamelala, nimejifungia. Alama ya penseli iliangukia sura ya tano, hospitalini. Baba anamwangalia binti, na mimi nimeandika: "Akamsamehe." Neno moja, halafu nikahamia aya nyingine. Baba aliyekaa miaka 12 bila kumtafuta mwanawe, nimemmalizia kesi kwa neno moja, kwa sababu niliogopa kumwacha binti akiwa na hasira mbele ya mgonjwa. Nilikaa na penseli mkononi muda mrefu. Kisha nikalipiga mstari.

Leo alfajiri ameingia. Mlango aliupaka yeye na baba yake, akiwa na miaka tisa. Anatafuta barua alizomwandikia kwa miaka yote ile, ajue kama zilisomwa. Amezikuta chini ya kitanda, zimefungwa kwa uzi. Bahasha ya juu haijawahi kufunguliwa.

Nimeishia hapo makusudi. Ya pili najua ilivyo.