Tupeane uzoefu: ni lini ulijua kwamba wewe ni mwalimu?

Wakuu, salaam. Walimu mliomo humu naomba tupeane uzoefu. Siulizii siku uliyoripoti chuoni, maana hiyo wengi tunaijua: alama ziligoma kwingine, au nyumbani walisema ualimu una ajira. Naulizia siku uliyojishtukia kwamba hii kazi imeshakuingia.

Naanza mimi. Nilimaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hesabu), ndoto yangu uhandisi. Nikiwa nasubiri matokeo nikapata tempo, kazi ya muda ya kufundisha, shule moja ya msingi, hesabu darasa la tatu. Nilifuata hela ya vocha tu, sitaki kudanganya.

Kulikuwa na binti mmoja, kila hesabu ya kutoa anakosa. 52 − 37 anaandika 25. Napiga mkasi. 71 − 48 anaandika 37. Mkasi. Jioni moja nasahihisha madaftari, kalamu ikaniganda mkononi. Huyu mtoto habahatishi! Ana kanuni yake: kwenye kila safu anachukua tarakimu kubwa anatoa ndogo, iwe juu iwe chini. Anaifuata bila kuteleza, na mimi wiki mbili nampiga mikasi tu.

Kesho yake nikaja na njiti za kiberiti, nimezifunga kumi kumi kwa uzi. Nikamwekea mezani vifungu vitano na njiti mbili. "Nipe saba." Akaangalia zile mbili, akaniangalia, akaangalia vifungu. Kisha kwa sauti ya chini: "Sir, kwani naruhusiwa kufungua?"

Usiku ule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Fomu za chuo zilipotoka nikajaza ualimu chaguo la kwanza.

Haya, wengine.

Mama Andalio: Mimi nasimulia ya mama yangu. Enzi za kampeni ya kisomo, miaka ya 70, alikuwa bado yuko darasa la saba na akapewa kikundi cha watu wazima cha kufundisha jioni. Mmoja wa wanafunzi ni bibi yake mzaa baba! Mama anasema tatizo halikuwa kusoma, lilikuwa heshima: utamwambiaje bibi "umekosea"? Akabuni njia: anasema "bibi, hebu tuitazame tena hii sisi wawili." Amestaafu ualimu, na wajukuu wakikosea kitu anawaambia vilevile.

Voda Fasta Mstaafu: Mnaokumbuka shule za kata zilivyofumuka katikati ya miaka ya 2000 mnatujua. Kidato cha sita, wiki chache za kupigwa msasa, chaki mkononi. Jina la utani tulipewa na mtaa mzima: voda fasta, yaani walimu wa chapchap. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakariri notsi usiku namwaga asubuhi, naomba Mungu asiulize mtu. Siku moja kijana wa nyuma akauliza swali la jiografia silijui, nikasema silijui, kesho tutalitafuta wote. Darasa likatulia kuliko siku zote. Nikaenda kusoma diploma, baadaye digrii. Bado wananiita voda fasta.

Mkweli Daima: Samahani nawaharibia. Miaka 11 kazini, huo wito sijauona. Darasa lina watoto zaidi ya mia, mikopo inakula mshahara. Naandaa somo, naingia kipindi kwa wakati, natoka. Wanangu wanafaulu vizuri tu, na kuna wenye wito wanashinda ofisini.

Mama Andalio: Mkweli, kuingia kipindi kwa wakati miaka 11 unakuitaje?

Mkweli Daima: Woga wa mkuu wa shule 😀

Fundi Cherehani: Mleta mada, swali. Nyumbani walipokeaje uhandisi kugeuka ualimu?

Mleta mada: Mama alicheka. Mzee aliwaambia majirani nasomea uhandisi mpaka siku ya mahafali.