Mrejesho: ruta iliyokuwa inapoteza pakiti

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini ruta yangu inapoteza pakiti (vipande vya data vinavyosafiri kwenye mtandao) mara kwa mara, hasa mafaili makubwa yakianza kupakuliwa.

Nilibadilisha kebo kwanza, haikusaidia. Aliyesema nitazame kaunta za poti (hesabu za makosa kwenye kila tundu la kebo) ndiye aliyeniokoa, Mungu ambariki: upande wa ruta makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) yalikuwa yanapanda, upande wa swichi (kifaa cha kuunganisha vifaa kwa kebo) migongano ya kuchelewa, yaani data kugongana wakati utumaji umeshaendelea. Kumbe ruta iliwekwa kwa mkono kasi ya 100 Mbps na dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), swichi ikabaki otomatiki na kuangukia nusu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), ndiyo maana hazikuelewana! Nimeweka zote otomatiki. Nimepiga ping (pakiti za majaribio) 1,000, hakuna iliyopotea.

Ila Wi-Fi bado inadondosha pakiti chache, hata baada ya kubadili chaneli. Hiyo bado naifuatilia.