Achilles kukataa zawadi za Agamemnon: kiburi au alikuwa na haki?

Wakuu, huu ubishi wa Iliad, ule utenzi wa Homer wa vita ya Wagiriki na Troy, kila ukianza unaishia palepale, watu wanasema Achilles, mpiganaji mkali kuliko Wagiriki wote, ni mtu wa kususa tu, kaombwa msamaha na mali kapewa akagoma, Wagiriki wenzake wakafa na rafiki yake Patroclus naye akafa, basi lawama zote zake. Mimi napinga. Nasema Achilles hakuombwa radhi na mtu yeyote.

Agamemnon, mfalme aliyeongoza jeshi la Wagiriki, ndo alikuwa na binti mateka wa kuhani wa mungu Apollo, mzee wa watu kaja na fidia amkomboe mwanae akafukuzwa kwa matusi, Apollo akaleta tauni ikapiga kambi siku tisa, na aliyeitisha baraza kuokoa jeshi ni Achilles wala siyo mfalme. Ilipobidi binti arudishwe Agamemnon akasema na yeye habaki mikono mitupu, akatuma wajumbe wamchukue Briseis, mwanamke mateka aliyepewa Achilles kama zawadi ya vita, kwenye kibanda cha Achilles, Briseis mwenyewe akaondoka shingo upande na hakuna aliyemuuliza, hilo nalo lingetosha mjadala wake. Achilles kadhalilishwa mbele ya jeshi zima, ndo akajitoa vitani, hiyo muishike.

Sasa njooni kitabu cha 9 ambacho ndo mnakitegemea. Vita imemwelemea, Agamemnon analia barazani, kisha mbele ya wazee anakiri kabisa kwamba alipotoka, halafu anataja zawadi: talanta 10 za dhahabu, farasi 12, wanawake saba wa kisiwa cha Lesbos, Briseis arudi na kiapo kwamba hajamgusa, miji saba, na binti yake amuoze bila mahari. Mali ni nyingi kweli, sibishi. Ila maneno ya mwisho anasema Achilles ainame kwake kwa sababu yeye ni mfalme mkubwa zaidi na kwa umri kamzidi. Jamani huyo anaomba msamaha au anamnunua mtu?

Odysseus, mmoja wa wajumbe waliotumwa, anafika kwa Achilles anazitaja zawadi moja baada ya nyingine karibu neno kwa neno, akifika hapo kwenye kuinama anaruka, badala yake anasema kama Agamemnon unamchukia basi wahurumie wenzako. Na kule kukiri kwa Agamemnon mbele ya wazee hakukufikishwa. Achilles anajibu papo hapo kwamba mtu anayeficha jambo moyoni akasema lingine anamchukia kama malango ya kuzimu, yaani kama vile kanusa kuna kitu kimebanwa.

Hoja nzito kuliko zote upande wenu ni ya Ajax, mjumbe mwenzake Odysseus, aliyesema mtu huuliwa ndugu yake au mwanae na bado anapokea fidia na muuaji anabaki kijijini, wewe unakasirikia mwanamke mmoja? Hiyo inauma na Achilles mwenyewe alikubali kwamba Ajax kaongea yaliyomo moyoni mwake, ila akasema kila akikumbuka alivyofanywa kama mtu asiye na kwao mbele ya Wagiriki hasira inampanda upya. Kaaibishwa hadharani halafu anatumiwa watu usiku kibandani kwake, mwenye kosa mwenyewe hajanyanyua mguu.

Pale alipomtuma mama yake, mungu wa kike Thetis, akaombe kwa Zeus, mkuu wa miungu, wenzake wapigwe simtetei, damu ya watu wasiohusika haiwezi kuwa bei ya heshima yako. Lakini hilo ni kosa la kitabu cha 1, msilichanganye na kukataa zawadi.

Na hata kitabu cha 19 wanapopatana, Patroclus keshakufa, Agamemnon anaongea barazani akiwa kwenye kiti chake, anasema kosa siyo lake ni la Zeus na majaliwa. Mpaka hapo bado!

Kwa hiyo anayesema Achilles angepokea zile mali anijibu hili tu: kama ule ulikuwa msamaha wa kweli, kwanini Odysseus aliona aache yale maneno ya kuinama?